Kwa nini hukusoma shule niliyofundisha

Bombo, Alhamisi usiku

Mwanangu,

Asalaam alaykum. Juzi uliponiuliza lile swali kwenye simu nilisingizia chaji imekwisha. Chaji ilikuwepo. Uliuliza: "Baba, ulifundisha dini shule ya Kiislamu miaka 22, mbona mimi ulinipeleka shule ya mapadri?" Kisha ukasema shule unayofundisha huko Kampala imekupa nusu karo kwa binti yako, na mkurugenzi anataka jibu kabla muhula haujafunguliwa Februari.

Mama yako aliwahi kuninong'oneza unavyodhani: kwamba baba yako alikuwa kama mpishi asiyekula chungu chake. Alijua shule ni mbovu, akawaachia watoto wa wenzake.

Hilo la ubora tuliondoe kwanza. Wewe ulianza darasa la kwanza 1997, mwaka ambao Museveni alifuta karo za shule za msingi kwa watoto wanne wa kila familia. Nchi nzima wanafunzi waliruka kutoka kama milioni 3 hadi zaidi ya milioni 5 ndani ya mwaka mmoja, na ninyi wengine mkaangukia chini ya mwembe. Mwalimu mmoja, watoto mia na ushei, mvua ikinyesha mnatawanyika kama kuku. Kwetu darasa lilikuwa na watoto 35 na kila mmoja na dawati. Nani angekutoa kwenye dawati akuketishe juu ya mizizi ya mwembe kwa kutafuta ubora?

Wala si kwamba niliidharau shule ya Kiislamu. Babu yangu aliikataa shule ya misheni kwa sababu mtoto alitakiwa abatizwe, aitwe Petero, ndipo apewe kitabu. Ndiyo maana wazee wetu wengi walikamata usukani wa lori au kisu cha bucha, wenzao wakakamata kalamu. Mwanamfalme Badru Kakungulu na wenzake walipoanzisha UMEA, chama cha elimu cha Waislamu wa Uganda, miaka ya 1940, walitaka mtoto ajifunze hesabu bila kuuza jina lake. Nilifundisha nikiliamini hilo, na bado naliamini. Zamu yako ilipofika, ile shule ilikuwa ya mapadri kwa asili tu. Serikali ndiyo iliyoiendesha, na hakuna aliyekudai jina.

Sababu ni dada yako.

Yeye nilimwandikisha kwetu, nusu karo kama wewe sasa. Dini nilifundisha mimi, kuanzia darasa la tatu hadi la saba. Darasani maalim, msikitini maalim, na nyumbani jioni, siku moja akaja ukumbini akasema, "Maalim, chakula tayari." Mama yako alicheka. Mimi sikucheka. Akipata alama nzuri watu walisema babake kampa mtihani usiku. Akipata mbaya, basi walimu wenzangu walikuwa na mazungumzo ya chai nzima, nami nimekaa hapo hapo na kikombe changu. Nikaanza kumkaza ili pasiwe na wa kusema nampendelea. Kuna siku watoto sita walishindwa kusoma Suratul-Mulk kwa moyo. Watano niliwachapa fimbo mbili mbili. Dada yako nilimpiga sita, mbele ya wote.

Sheria ya kukataza fimbo shuleni ilikuja 2016, lakini sitaki kujificha nyuma ya tarehe. Hakukuwa na sheria iliyoniamuru nimpige mara tatu ya wenzake. Hakulia. Alirudi akaketi, na tangu siku ile hajaniuliza jambo lolote la dini. Mpaka leo akiwa na swali la edda au la mirathi anapanda taksi kwenda kwa shehe mmoja Wobulenzi.

Na ile nusu karo ina kamba, mwanangu. Mshahara ulipochelewa miezi miwili, mwalimu wa hesabu aliondoka katikati ya muhula akapata kazi kwingine. Alikuwa na cheti cha Gredi ya Tatu, cha ualimu wa shule za msingi, kinachotambuliwa na serikali. Sisi wa dini, na thanawi zetu, vyeti vya sekondari ya dini ambavyo serikali haikuvihesabu, tulibaki. Ningefungua mdomo vipi, na binti yangu yumo humo humo kwa hisani ya mkurugenzi?

Basi wewe ulipofika umri, nilitaka mtoto mmoja aniite baba. Msahafu ulijifunza kwangu baada ya magharibi, mkekani, taa ya chemli katikati yetu, na unajua sikukugusa hata mara moja. Mwaka 2003 ulipofanya PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ulikuja kwangu unatetemeka: kwenye karatasi ya maarifa ya jamii mtahiniwa huchagua maswali ya Ukristo au ya Uislamu, nawe ulijibu ya Ukristo kwa sababu ndiyo mliyofundishwa. Nilikuambia si neno. Kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikacheka mpaka mama yako akadhani nalia. Mwana wa maalim!

Nililokosea ni hili. Ijumaa moja baada ya swala, mzazi mmoja, muuza mitumba, aliniuliza, "Maalim, mwanao wa kiume yuko darasa la ngapi pale kwetu?" Nikasema, "Ataanza karibuni." Wewe ulikuwa darasa la nne kule. Alinipa mkono, akaondoka, na muhula uliofuata watoto wake wawili hawakurudi. Shule ile haikuwa na ubaya kwa watoto wake. Ubaya ulikuwa kwa wangu, kwa sababu yangu, na ningemweleza angenielewa, maana naye ana binti. Kunyamaza kwangu ndiko kulikompa jibu lingine.

Kwa binti yako: muulize mkurugenzi kama atakupanga darasa jingine, mbali na mtoto. Muulize ukiacha kazi mtoto atalipa kiasi gani, na akuandikie. Chungulia mwenyewe nani anafundisha darasa la kwanza hadi la tatu, na kama mshahara wake umelipwa. Ukimpeleka kwingine, mzazi akikuuliza, mwambie siku hiyo hiyo.

Barua hii nilimsomea dada yako kabla ya kuikunja, maana habari ni yake. Amesema nisikate kitu. Amesema pia hazikuwa sita, zilikuwa nane.

Baba yako