Jibu: Kompyuta ya gemu ya 2014, nihamie Linux au nibaki Windows 10?

Habari mkuu. Kwa hiyo una kompyuta yenye prosesa ya i7-4790 na kadi ya picha ya GTX 970, Windows 11 inaikataa, na Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025.

Kabla ya kufuta chochote, andika gemu unazocheza kweli, siyo zile zilizojaa vumbi. Kama kuna Valorant au Fortnite, usihame, maana ulinzi wao dhidi ya wadanganyifu hauzikubali kwenye Linux. Jiandikishe tu upate masasisho ya ziada ya usalama, yanafika Oktoba 2026. Nyingine zitafute ProtonDB (tovuti ambayo wachezaji huandika gemu zinavyokwenda kwenye Linux), usome maoni ya wenye kadi kama yako.

Mimi yangu inafanana na yako, nikaweka Mint, toleo mojawapo la Linux. Iwashe kwanza kwa fleshi bila kuisakinisha, uone kama Wi-Fi na sauti vinafanya kazi. Kilichonitesa ni gemu nilizoziacha kwenye diski ya NTFS (mpangilio wa diski wa Windows): zilikuwa zinagoma kufunguka ovyo ovyo. Nilipozipakua upya kwenye ext4, mpangilio wa diski wa Linux, zikatulia (bando liliisha, lakini basi). Draiva ya Nvidia chukua ileile Mint inayokupendekezea. Kadi za AMD sijawahi kuzishika.

Gemu zako ni zipi hasa?