Kukwama kwenye kodi ya F katika "House of the Rising Sun"

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba wimbo huu wa jadi wa Marekani unakwenda vizuri kwenye gitaa ukipiga kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) za Am, C na D, lakini ukifika F nyuzi zinazima na mapigo yanakatika. Gitaa lako sijaliona, hivyo kagua kwanza nyuzi zimeinuka kiasi gani juu ya shingo karibu na kichwa, kwani zikiinuka mno hapo F humsumbua hata mzoefu. Zikiwa sawa, usibane nyuzi zote sita: kidole cha shahada kilaze juu ya zile mbili nyembamba kwenye freti (nafasi kati ya vyuma vya shingoni) ya kwanza, cha kati kibane uzi wa tatu (ukihesabu kuanzia ule mwembamba zaidi) freti ya pili, na cha pete uzi wa nne freti ya tatu. Bahati nzuri, D nayo huanzia uzi wa nne, kwa hiyo gumba la mkono wa kudonoa halihami. Mimi hurudia D na F peke yake, polepole, nikihesabu sita kwa kila kodi.