Gavana hayupo, nani anatia sahihi? Maswali yenu kuhusu ardhi ya Nigeria

Nanunua nyumba Lagos. Kibali cha gavana cha kuruhusu mauzo kimetiwa sahihi na kamishna. Ni halali?

Yawezekana kabisa. Sheria ya Matumizi ya Ardhi ya 1978, kifungu cha 45, inamruhusu gavana kukasimu, yaani kumkabidhi, kamishna wa jimbo (waziri katika serikali ya jimbo) madaraka yake yote au baadhi, kwa masharti atakayoweka mwenyewe. Lakini mhuri usikulaze usingizi. Mtume wakili wako autafute waraka wenyewe wa kukasimu: ulitolewa lini, na unagusa uuzaji, rehani, au vyote viwili? Hati ya umiliki inayotolewa na kamishna lazima ieleze kwamba imetolewa kwa niaba ya gavana.

Kamishna akisafiri, ofisa wake hawezi kumshikia kalamu?

Kifungu kinamtaja kamishna. Na kanuni kongwe ya wanasheria ni kwamba aliyekasimiwa hakasimu tena, ila sheria imruhusu. Ukikuta sahihi ya mtu mwingine, shika pesa zako mpaka upate maelezo ya maandishi.

Kibali kisipokuwepo kuna hasara gani?

Kubwa. Kifungu cha 22 kinataka kibali kabla ya kuuza, kuweka rehani au kupangisha. Cha 26 kinabatilisha shughuli inayokwenda kinyume. Mwaka 1989 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Savannah Bank na Ajilo, ilisema rehani isiyo na kibali ni batili, na benki ikakosa dhamana yake. Kilichowauma wengi ni kwamba mkopaji, ambaye ndiye aliyepaswa kukiomba kibali, ndiye aliyefaidika. Mwaka 1995, katika kesi ya Awojugbagbe, mahakama hiyohiyo ililegeza kidogo: mnaweza kuandikishana kwanza, ila mkataba haukamiliki hadi kibali kipatikane.

Hivi gavana anahusikaje na nyumba yangu?

Kwa sababu ardhi ya jimbo imewekwa mikononi mwake kama mdhamini wa wananchi. Msomaji wa Tanzania asishangae: Sheria ya Ardhi ya Tanganyika ya 1923 ilifuata mfano wa Waingereza huko Kaskazini mwa Nigeria.

Si wafute tu kibali hicho?

Sheria ya Matumizi ya Ardhi imekingwa na Katiba ya Nigeria ya 1999. Kuibadili kunahitaji theluthi mbili ya Seneti na ya Baraza la Wawakilishi, pamoja na mabunge 24 kati ya 36 ya majimbo. Rais wa wakati huo, Yar'Adua, alipeleka muswada wa kuibadili mwaka 2009, haukupita. Ndiyo maana magavana hukasimu. Kwa maoni yangu, hiyo inahamisha foleni tu kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na ada ya kibali inabaki palepale.

Na Abuja?

Abuja haina gavana. Mpelekee maombi waziri wa Eneo la Mji Mkuu wa Shirikisho.