Kozi Ipi Nichague Katika Mafunzo ya Sanaa ya Kiangazi?

SWALI: Mhariri, shikamoo. Nina umri wa miaka 17 na nimepata nafasi katika mafunzo ya sanaa za maonyesho ya kiangazi yatakayodumu wiki tatu. Fomu inanitaka nichague kozi moja tu kati ya uigizaji, tamthilia za nyimbo, dansi na usimamizi wa jukwaa. Nimeimba kwaya tangu utotoni na nimepata kuigiza shuleni, ila dansi sijawahi kufundishwa. Rafiki zangu wananisukuma kwenye tamthilia za nyimbo kwa kuwa kozi hiyo ndiyo hufunga mafunzo kwa onyesho kubwa, lakini mama anataka nibaki na uigizaji. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, binti yetu. Kwanza, onyesho la mwisho lisikupumbaze, kwani ni la jioni moja tu. Waombe waandaaji ratiba ya siku ya kawaida ya kila kozi, uisome saa kwa saa. Kozi mbili zenye jina lile lile huweza kutofautiana kabisa: moja hutumia asubuhi nzima kwa mazoezi ya sauti na ya mwili, na nyingine hugawa nafasi za wahusika mapema, kisha siku zote zilizobaki ni kukariri na kurudia tamthilia ile ile. Hii ya pili humfaa aliyepewa nafasi kubwa. Mwenye sentensi mbili hushinda amekaa pembeni akingoja kuitwa.

Ukishaipata ratiba, tafuta humo yale usiyoweza kujifunza ukiwa peke yako nyumbani. Maneno ya mhusika unaweza kuyakariri chumbani, na kuimba unako kwaya, lakini kuigiza na mwenzako hakufundishiki mbele ya kioo. Liko zoezi lililoanzishwa na Sanford Meisner, mwalimu wa uigizaji wa Marekani (1905–1997), ambalo wengi hulitumia hadi leo. Wawili huketi wakitazamana. Mmoja husema analoliona kwa mwenzake, tuseme, “Umevaa shati la buluu,” naye hujibu, “Nimevaa shati la buluu,” nao huendelea kurudishiana maneno hayo hayo mpaka sauti inabadilika yenyewe kwa sababu mmoja amekereka au ameshikwa na kicheko. Mtazamaji mgeni huona ni upuuzi mtupu, lakini hapo ndipo mwigizaji anapojifunza kumsikiliza mwenzake badala ya kungoja zamu yake ya kusema.

Tamthilia za nyimbo zina ugumu ambao rafiki zako hawakukutajia. Kwaya imekuzoesha kuichanganya sauti yako na za wengine isisikike peke yake, ilhali jukwaani wimbo ni maneno ya mhusika, na sauti yako ndiyo inayotakiwa ijitokeze. Juu ya hayo kuna dansi karibu kila siku, na kuimba huku mwili unaruka kunahitaji pumzi ambayo haijengwi kwa wiki tatu. Ukiipenda hata hivyo, uliza kama wana kundi la wanaoanza dansi. Wasipokuwa nalo, utamaliza muda wako ukifukuzana na hatua za wenzako.

Kozi ya dansi pekee iache kwa sasa. Usimamizi wa jukwaa, kwa upande mwingine, hudharauliwa bure. Msimamizi huandika kwa penseli kila mwigizaji anaposimama na anapoelekea, kwa kuwa mwongozaji hubadili mawazo kila siku, na usiku wa onyesho yeye ndiye anayewapa ishara watu wa taa na wa sauti. Kama shuleni ulivutiwa zaidi na yaliyotendeka nyuma ya pazia, ifikirie kwa dhati.

Kwa uliyonieleza, ningekushauri uchukue uigizaji, mradi ratiba yake ina mazoezi ya wawili wawili, na uulize kama jioni kuna vipindi vya hiari vya kuimba. Kabla ya kurudisha fomu, waulize pia kama mwanafunzi anaruhusiwa kubadili kozi mafunzo yakishaanza, na mwisho wa ruhusa hiyo ni siku gani.