Barua kwa mwanangu: Dereva naye ni askari?

Musoma

Mpendwa mwanangu Neema,

Barua yako niliipokea juzi kutoka kwa mdogo wako, nikaisoma mara mbili. Sisi huku hatujambo, na mama yako anakusalimu pamoja na mkwe wetu na wajukuu. Umeniandikia kwamba mgeni mmoja sebuleni kwenu alisema askari wa kweli ni yule anayeshika bunduki mstari wa mbele, na kwamba wengine wote, yaani madereva, mafundi, wapishi na makarani, ni wasindikizaji tu. Kisha ukaniuliza bila kuzunguka: "Baba, huko Uganda mwaka 1979 wewe ulikuwa nani hasa?" Nilikuwa dereva wa lori la makombora. Najua jibu fupi namna hiyo halitakutosha, kwa hiyo nitakueleza jinsi kazi zilivyogawanywa, ili ukikutana tena na mgeni wako uwe na la kumwambia.

Hakukosea kumheshimu askari wa miguu. Huyo ndiye anayeiteka nchi na kubaki juu yake, na hakuna silaha iliyowahi kumwondolea kazi hiyo. Lakini hata huyo hapigani peke yake na bunduki moja. Katika seksheni, ambayo ni kundi la watu kama kumi, wengi wetu tulikuwa na SMG, kama jeshini tunavyoiita bunduki ya jamii ya AK. Kipimo chake cha shabaha kimechorwa hadi mita 800, ila mtu wa kawaida aliyechoka na kutokwa jasho asijidanganye kulenga zaidi ya mita 300 au 400. Wengine walikuwa na SAR, ambayo hubeba risasi kumi tu na hupiga moja moja. Mmoja hubeba bunduki ya rashasha, na kazi yake kubwa, jambo ambalo raia wengi hawalijui, si kuua watu wengi bali ni kumlazimisha adui kuinamisha kichwa wakati wenzake wanakimbia kusogea mbele. Mwingine hubeba RPG-7 ya kupigia vifaru na magari, akiwa na msaidizi wa kumbebea makombora, na wote husisitiziwa kutosimama nyuma ya bomba lake linapofyatuliwa, kwa sababu moto wa nyuma nao huua. Nyuma yao kidogo wapo watu wa mota ya milimita 82, ambayo hufunguliwa vipande vitatu, mtutu, kitako na miguu, ikabebwa mabegani, kisha ikaunganishwa nyuma ya kilima na kumfikia adui aliye umbali wa kilomita tatu bila mpigaji kumwona. Anayemwonea ni mwangalizi aliyetangulia mbele na redio, na redio hiyo ikifa, mota inakuwa kipofu.

Sasa fanya hesabu pamoja nami, kwani hesabu ndiyo iliyokuwa kazi yangu. Magazini ya SMG ina risasi 30, na bunduki hiyo ikiachiwa ipige mfululizo hutoa risasi kama 600 kwa dakika, maana yake magazini inakwisha kwa sekunde tatu. Hata askari mwenye nidhamu anayepiga moja moja, akiwa na magazini nne, anaweza kumaliza zote katika mapambano ya nusu saa. Baada ya hapo ana rungu la mbao na chuma lenye uzito wa kilo nne, mpaka mtu amletee risasi nyingine.

Mzigo wangu mimi ulikuwa mkubwa kuliko risasi. Mtambo wa kurushia roketi wa BM-21, ambao Waganda waliuita Saba Saba, una mirija 40 juu ya lori. Kila roketi yake ina kipenyo cha milimita 122, urefu unaokaribia mita tatu na uzito wa kilo 66 hivi, na huweza kwenda hadi kilomita 20. Mirija yote 40 humwagwa kwa sekunde 20. Zidisha kilo 66 kwa 40, utapata tani mbili na zaidi ya nusu, zimekwenda kabla mtu hajamaliza kufunga kamba za viatu. Roketi zile zilipakiwa kwa mikono ya watu, moja moja, na kabla ya kupakiwa zilikuwa zimesafiri kutoka bandari ya Dar es Salaam, zikavuka nchi nzima hadi mpakani, na kilomita za mwisho, zile za matope, zilikuwa zetu sisi madereva. Baadhi ya malori tuliyoendesha yalikuwa ya raia na mashirika, yaliyochukuliwa kwa ajili ya vita na bado yana maandishi ya wenyewe ubavuni. Lile langu lilikuwa limezoea kubeba pamba.

Usidhani nasema haya kwa ujasiri. Dereva wa makombora hana handaki la kujifichia, kwa kuwa kitu anachokiogopa amekikalia. Usiku tuliendesha bila taa, mmoja wetu akitembea mbele na kitambaa cheupe mgongoni ili dereva amfuate.

Nguvu ya roketi hizo ilijulikana zaidi Lukaya, kwenye barabara ya Masaka kwenda Kampala inayopita katikati ya kinamasi. Jioni ya tarehe 10 Machi 1979, Walibya waliokuja kumsaidia Amin walikuja na vifaru na BM-21 zao. Makombora yao yalipita juu ya vichwa vya vijana wa Brigedi yetu ya 201 na kuanguka nyuma kabisa, lakini mlio wake uliwatisha, na wengi wao, mgambo ambao miezi michache tu nyuma walikuwa wakilima, wakavunja mstari na kukimbia. Silaha ambayo haikulenga ilifanya kazi. Kilichotuokoa ni Brigedi ya 208, iliyokuwa mbali upande wa kaskazini-magharibi, ikaamriwa irudi haraka kuelekea barabarani, na alfajiri ya tarehe 11 ikawapiga Walibya kutoka ubavuni. Amri ile ilipita kwenye redio. Kijana wa mawasiliano aliyeipokea, ambaye wala simjui jina, angekuwa msindikizaji kwa maneno ya mgeni wako.

Wahandisi nao nisiwaruke. Majeshi ya Amin yalilivunja daraja la Kyaka mapema Novemba 1978, na Mto Kagera si mto wa kuvuka kwa kukunja suruali. Askari wa miguu, hata wangekuwa na ushujaa wa simba, wangebaki ukingoni wakitazama ng'ambo. Wahandisi waliweka daraja la muda, na ndipo vifaru, mizinga na sisi wenye malori tukapata njia. Watu hao pia ndio wanaotembea mbele ya kila mtu kutafuta mabomu yaliyofukiwa, wakichoma ardhi taratibu kwa chuma. Mpishi sina mengi ya kusema juu yake, ila kwamba wali wenye mchanga ni wali.

Umetaja pia kwamba zama hizi za droni mambo yamebadilika. Yamebadilika, ndiyo, lakini zaidi kwa upande wetu: droni inamtafuta dereva wa nyuma kwa bidii ileile inayomtafuta mwenye bunduki, kwa hiyo hilo neno "nyuma" linapoteza maana yake. Hata Umoja wa Mataifa ulipounda kile kikosi maalumu cha Kongo mwaka 2013, ambacho vijana wetu walikwenda pamoja na wa Afrika Kusini na Malawi, hawakutuma wenye bunduki peke yao; azimio lenyewe lilitaja batalioni tatu za askari wa miguu, kombania ya mizinga, na kombania ya makomandoo na upelelezi.

Kuna jambo moja sikuwahi kukusimulia. Lori langu halikurudi tupu. Tukishapakua makombora tulitandika majani na mablanketi, tukapakia majeruhi, na tabibu akakaa nao nyuma huku akinigongea kibati: kugonga mara moja nipunguze mwendo, mara mbili nisimame. Kwenda nilihofia mashimo kwa sababu ya mzigo, na kurudi nilihofia mashimo yaleyale kwa sababu ya sauti zao.

Vita vilipokwisha nilirudisha SMG yangu bohari. Karani akaitoa magazini, akazimwaga risasi mezani na kuzihesabu mbele yangu. Zilikuwa 30, zote nilizopewa. Akaandika katika daftari lake, nami nikatia saini.

Ni mimi baba yako.