Kete za resini: silikoni ipi, resini ipi, gramu ngapi?

SWALI: Tumechoka kucheza drafti kwa vizibo vya soda. Tumechonga kete moja ya mti, kipenyo milimita 30, unene 8, tunataka seti nzima ya resini (plastiki ya majimaji inayoganda). Dukani kuna silikoni ya bati na ya platini (majina ya vichocheo vinavyoigandisha), hiyo ya platini ikiwa ghali zaidi, na resini za aina tatu. Tuchukue ipi, na kiasi gani? (Wacheza drafti, Sakina, Arusha)

JIBU: Kabla ya bei, tazameni kete mama, yaani ile mtakayoinakili, imetengenezwa kwa kitu gani. Silikoni ya platini haisinyai karibu kabisa na kalibu yake (umbo la mpira la kumiminia resini) hudumu miaka mingi, ila ina maadui wanaoizuia kuganda: salfa, bati na amini (kemikali za kwenye hadina za epoksi). Ikigusa plastisini yenye salfa au glavu za mpira wa kawaida, sehemu iliyogusa hubaki inanata hata mkingoja wiki nzima. Ya bati husinyaa kidogo na huchoka baada ya miaka michache, lakini haichagui sana inachogusa. Kwa kazi yenu chukueni ya bati, yenye ugumu wa 20 hadi 30 kwenye Shore A, kipimo cha ugumu wa mpira.

Mna kete mama moja, na drafti inataka 24. Msimwage mara 24. Tengenezeni kwanza kalibu ndogo ya tundu moja, toeni nakala tano, kisha zipangeni pamoja na ile ya mti mpate kalibu ya matundu sita. Mkiacha milimita 10 kila upande na milimita 10 juu ya kete, boksi la ndani litakuwa sentimita 13 kwa 9, kina 1.8. Ondoeni ujazo wa kete zenyewe, inabaki kama sentimita za ujazo 177, yaani takriban gramu 200 za silikoni. Kalibu ndogo itakula kama gramu 45. Nusu kilo inatosha na kubaki.

Mti una vinyweleo, na silikoni huingia humo ikang'ang'ania. Pakeni vanishi mara tatu, mkipiga msasa laini katikati. Mng'ao wa kete mama ndio mng'ao wa kete zote. Mkitumia kigae au kioo kama sakafu ya boksi, kipakeni vaselini nyembamba, maana silikoni hupenda kushika kioo. Bandikeni kete chini zisielee. Kisha pakeni silikoni kwa brashi juu ya kete, ndipo mmimine iliyobaki kutoka juu, kwa mkondo mwembamba, kwenye kona moja tu, ijisogeze yenyewe. Viputo vingi hupasukia kwenye mkondo huo.

Sasa resini. Ya poliesta, ile ya kazi za fibaglasi, ni rahisi kupatikana lakini harufu yake ni kali, husinyaa hadi kama asilimia 7 na kete zake hupasuka zikianguka sakafuni. Poliyurethani huganda kwa dakika chache, haimpi anayeanza nafasi ya kukosea. Anzeni na epoksi. Kete moja hula gramu 6.2, seti nzima 150. Mkijumlisha nakala tano na inayobaki kwenye vikombe, nunueni gramu 250.

Epoksi ikibaki inanata, mara nyingi kosa ni vipimo. Chupa ikisema 2 kwa 1 kwa ujazo, msipime hivyo kwenye mzani, kwa kuwa hadina (kigandisho kinachochanganywa na resini) ni nyepesi kuliko resini. Tafuteni uwiano wa uzito kwenye maelezo. Kuongeza hadina hakuharakishi epoksi, huiharibu. Korogeni dakika tatu mkikwangua kingo, hamishieni kikombe kingine, korogeni tena. Baridi ya Julai huifanya nzito na yenye viputo: wekeni chupa kwenye maji ya vuguvugu dakika 10, zikiwa zimefungwa. Vaeni glavu za naitrili na fungueni madirisha. Barakoa ya vumbi haizuii mvuke.

SWALI: Ninatumia poliyurethani. Tangu mvua za masika zianze, kete zangu za chesi zinaumuka kama maandazi. (Msomaji, Moshi)

JIBU: Ni unyevu. Hadina ya poliyurethani ikikutana na maji hutoa kabonidayoksaidi, na hiyo ndiyo inayoumua. Angalia vitu vitatu: vijiti vya mti vya kukorogea (tumia plastiki), rangi ya maji uliyotia (tumia ya unga mkavu), na chupa iliyokaa wazi. Kalibu nayo ikaushe juani, ipoe kwanza. Funga chupa mara tu unapomaliza kumimina. Ikishafanya ukoko ndani, haitarudi kuwa nzuri; nunua ndogo ndogo.

SWALI: Pampu yangu ya kufyonza hewa, ya kutoa viputo kwenye silikoni, haifiki baa 1 (kipimo cha mgandamizo) kwenye geji. Ni mbovu? (Msomaji, Njiro, Arusha)

JIBU: Huenda ni nzima. Arusha ipo kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe ina mgandamizo wa karibu baa 0.86, na geji haiwezi kupita hapo. Ikifika 0.83 inakufaa. Jaza kikombe robo tu, kwa sababu silikoni huvimba mara tatu hadi nne kabla ya kuanguka.