Dunia itaisha, sasa tunaishi aje? Majibu ya maswali yenu

Tangu mwezi uliopita maswali yanaingia ya aina moja tu. Kuna wahubiri wanazunguka takisi paki na spika wakisema muda umeisha, kuna video za jiwe la angani zinatembea kwa WhatsApp, alafu mvua nayo imekuja vibaya, sasa watu wanauliza kama kila kitu kinaisha hii kuhangaika yote ni ya nini. Nimechagua machache. Msimamo wangu mjue mapema: mwisho upo, dini inasema na sayansi inasema, na bado sioni hata kazi moja ya kesho asubuhi yenye mwisho huo unatuondolea.

Mwalimu, niko Arua, naendesha boda. Mchungaji hapa kwetu anasema dunia inaisha mwaka huu, na mke wangu anataka tuuze shamba pesa iende kanisani. Nimwambieje?

Kaka, usiuze shamba. Hiyo kwanza, mengine yafuate.

Sisi watu wa Uganda hatuna ruhusa ya kusahau Kanungu. Lile kundi la kurudisha Amri Kumi za Mungu, viongozi wake akina Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde waliwaambia watu dunia inaisha tarehe 31 Desemba 1999. Watu wakauza. Ng'ombe, mashamba, vitu vya nyumbani, pesa ikaingia kwa kundi. Januari ikafika, kukapambazuka kama kawaida, watu wakaanza kuulizia mali zao, na tarehe 17 Machi 2000 jumba lao la ibada likaungua na mamia ya watu ndani, watoto wengi sana, madirisha na milango imepigwa misumari. Alafu polisi walipochimba kwenye nyumba zingine za kundi wakatoa miili mingine tena. Hakuna kiongozi hata mmoja aliyefikishwa mahakamani.

Na uangalie vile ile kitu ilipangwa, juu hapo ndipo somo liko. Inaanza na tarehe. Mtu akishapewa tarehe haoni haja ya kuweka mbegu za msimu ujao, halipi ada ya watoto, dawa ya presha anaacha, na mali yenyewe anaiona kama mzigo. Akishauza sasa hana pa kurudi, kijijini hana hata pa kujenga kibanda, kwa hiyo hata imani ikianza kupungua anabaki tu palepale juu hana pengine. Umaskini ndio unamfunga, imani ilimfikisha tu mlangoni. Shakahola kule Kenya mwaka 2023 walichimba miili zaidi ya 400, watu walifunga kula mpaka wakafa wakitegemea kumwona Yesu. Na hii kitu si ya Afrika peke yake, Marekani kulikuwa na watu walingojea tarehe 22 Oktoba 1844, wengine waliacha mazao shambani bila kuvuna.

Kwa mkeo usiende na hasira. Anaogopa huyo, na mtu mwenye hofu ukimpigia kelele unamsukuma kwa mchungaji zaidi. Kaeni wawili mfungue Mathayo 24, pale Yesu anasema siku ile na saa ile hakuna anayeijua, hata malaika wa mbinguni. Alafu muulizane pole pole, mchungaji yeye mwenyewe ameuza nini? Gari yake ameuza? Na ujue pia sheria ya ardhi ya Uganda inataka mume na mke wote wakubali kabla ardhi yenye familia inaishi au inapata chakula haijauzwa, kwa hiyo usisaini karatasi ya mtu yeyote, na kama inazidi ita wazee wa pande zote mbili na mwenyekiti wa LC1, ile halmashauri ya kijiji, wakae nanyi.

Niko S6 hapa Mbale, mwaka wa mwisho wa sekondari, nasoma fizikia. Jua litakufa, dunia itakauka, hakuna mtu atabaki wa kukumbuka chochote. Sasa nasoma kwa ajili ya nini?

Mdogo wangu, hesabu zako ziko sawa. Jua lina miaka kama bilioni 4.6 na limebakiza kama bilioni 5 kabla ya kuvimba kuwa jitu jekundu, na sisi huku tutashindwa mapema zaidi, kwenye kama bilioni 1 ijayo litakuwa limezidi ukali kiasi cha kukausha bahari. Sikufichi hiyo.

Lakini kumbuka siku ulikuwa na malaria mdogo, mamako akakaa usiku mzima anakuwekea kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Angeingia mtu pale akamwambia, mama, jua litakufa, weka kitambaa chini, unafikiri angemsikiliza? Angemwelewa vizuri tu na bado angeendelea, juu homa ilikuwa ya usiku ule na mtu wa kuishusha alikuwa yeye. Ile kazi ilikuwa na maana palepale ilipofanyika, haikuhitaji mtu wa kuikumbuka miaka bilioni baadaye ndio ihesabike. Watu wanapenda kusema kitu kisichodumu ni bure na mi hiyo siikubali kabisa, ngoma ya harusi inaisha alfajiri na sijawahi kuona mtu anatoka pale anasema tulicheza bure.

Alafu juu unapenda sayansi nikupe habari ya ziwa letu, Nalubaale, lile wanaita Victoria. Lilikauka. Kabisa, karibu na mwisho wa enzi ya barafu, wanasayansi walitoboa matope ya chini ya ziwa wakakuta dalili za udongo wa nchi kavu, na maji yalirudi kama miaka 15,000 iliyopita tu, ambayo kwa hesabu zako za jua ni juzi. Ndani ya huo muda mfupi wakatokea samaki aina mamia, ile jamii ya nkejje tunakausha tunawapikia watoto, na wengi wao hawapo mahali pengine popote duniani. Mtu angesimama pale katikati ya ile nchi kavu angeapa hapa pamekwisha. Sangara aliyeletwa miaka ya 1950 amewamaliza wengi wa hao nkejje, na wenye wamebaki wanahitaji watu wenye wanajua maji, joto, hewa, hesabu, kila kitu unachosoma saa hii. Kwa hiyo ukiniuliza unasoma kwa ajili ya nini, mi naanza na hao.

Lile jiwe la angani la 2032 ni kweli? Watoto wangu hawalali. (Mama, Masaka)

Mama, waambie walale. Linaitwa 2024 YR4, mwanzoni mwa 2025 uwezekano wa kugonga dunia ulifika kama asilimia 3, alafu vipimo vilivyofuata vikaushusha mpaka karibu na sifuri, hiyo video ni ya wakati ule. Kuna lingine, Apophis, litapita tarehe 13 Aprili 2029 umbali wa kama kilomita 32,000 kutoka ardhini na halitugongi. Na mwaka 2022 Wamarekani walirusha chombo kikagonga jiwe moja dogo huko angani, Dimorphos, kikabadilisha mzunguko wake kwa zaidi ya nusu saa. Watu wako kazini kwa hiyo kitu.

Mimi ni Mkonzo wa Kasese. Barafu ya Rwenzori inaisha, mto Nyamwamba umetubebea nyumba. Hii si ndio mwisho wenyewe? Mnatuambia tupande miti, miti itarudisha barafu?

Hapana ndugu yangu, haitarudisha, na sitaki kukudanganya. Zile picha walipiga watu wa Duke wa Abruzzi, yule Mwitaliano, walipopanda mlima mwaka 1906, ukiziweka karibu na za leo roho inauma, vilele vyenye vilikuwa vyeupe vimebaki mwamba mtupu, na yenye imebaki ni kidogo sana na inaendelea kuyeyuka. Uganda imechoma sehemu ndogo mno ya mafuta na makaa yenye yamepasha hii dunia joto. Una haki ya kukasirika.

Kwenu najua si maji tu. Nzururu ni theluji na ni baba pia, Kitasamba, mzimu wa mlima, yuko kule juu, wazee wanaangalia mlima kama mtu anavyoangalia nyumbani. Sasa kijana wa NGO akija na miche na fulana bila hata kuuliza mnapoteza nini, lazima mkasirike, mi ningekasirika. Nafikiri watu wanahitaji kwanza kuruhusiwa kuomboleza. Mtu akifiwa hatumwambii siku hiyohiyo akapalilie, tunakaa naye, tunalala kwake, ndipo baada ya siku kadhaa jembe linashikwa tena. Barafu inastahili matanga yake, wazee wenu wanajua yatafanyikaje, wasimulie majina ya kule juu watoto wayaandike kabla wazee hawajaondoka nao.

Ila mto ni suala jingine, mto haujaisha. Nyamwamba ulipovunja kingo Mei 2013 na tena Mei 2020 ukaharibu mpaka hospitali ya Kilembe, ule mto utarudi na watu wanaishi pembeni yake leo. Mianzi kwenye kingo, kutolima mpaka ukingoni, kuhamisha nyumba zilizo chini kabisa, vitu kama hivyo haviokoi barafu hata kipande, vinaokoa mtoto wa jirani yako usiku wa mvua. Kwangu hiyo inatosha kuamkia.

Mwalimu, mimi niko Gulu. Watu wanaogopa mwisho wa dunia, yangu iliisha zamani, nimezika watoto wakati wa vita. Sasa hivi naishi tu. Naishi kwa nini?

Mama, nimesoma barua yako mara nyingi. Dunia yako iliisha kweli, na mtu asikuambie ni lugha tu.

Nataka nikukumbushe kitu chenye wewe unakijua kuliko mimi. Ile miaka, kila jioni watoto maelfu walikuwa wanatembea kutoka vijijini kuingia Gulu kulala kwenye veranda, bus paki, uwanja wa hospitali, wasikamatwe na waasi, na asubuhi wanarudi, wengine wanapitiliza shule. Hakuna mtu angeweza kuwaahidi kuna mwaka ujao. Na bado kuna mtu aliwafungulia lango, kuna mtu alitandika mikeka, kuna mwalimu asubuhi alisimama mbele ya ubao. Alafu 2000 ikaja Ebola juu ya vita. Dokta Matthew Lukwiya wa hospitali ya Lacor hapo Gulu alikuwa Kampala anasoma, akaitwa akarudi, wauguzi wake walikuwa wanakufa na waliobaki wakataka kuondoka, akaongea nao, wakabaki, yeye mwenyewe akafariki tarehe 5 Desemba. Uganda nzima walikufa watu 224, na wangekuwa wengi kuliko hapo kama wale wa Lacor wangefunga wodi. Hao watu hawakungoja waone mwisho mzuri ndio wafanye kazi, walimwona mgonjwa kitandani, basi.

Siwezi kukukabidhi sababu ya kuishi kama mtu anavyokabidhi mzigo. Najua tu watu wenye wamepita ulikopita mara nyingi wanaanza na mtu mmoja. Mtoto wa jirani mwenye hana wa kumwangalia daftari. Mwenzako wa kikundi cha akiba mwenye ameacha kuja. Na watoto wako, majina yao yatamke, yaseme kwa sauti mbele ya mtu, huzuni ya kufungiwa ndani miaka yote hii inakula mwili. Hospitali kubwa ya Gulu ina idara ya afya ya akili, wamezoea wenye walipita vita, nenda wiki hii na uende na mtu mnayeaminiana, na kama kuna usiku unawaza usiamke tena, usingoje hata asubuhi, mwamshe mtu mkae wote. Alafu niandikie. Nitajibu.

Mimi na mpenzi wangu tuko Ntinda, tunaogopa kuleta mtoto kwenye dunia hii. Ni vibaya?

Si vibaya, na wala si lazima mzae. Ila msifanye hofu ya mwisho ndio iamue peke yake. Bibi zenu walizaa wakati wa Amin, wakati wa vita vya Luwero, na ninyi mmetoka humo mnapendana. Shule zetu zilifungwa kutoka Machi 2020 mpaka Januari 2022, muda mrefu kuliko nchi yoyote, tukasema kizazi kimekwisha, na wengi tuliwapoteza kweli, mimba za utotoni, kazi za machimbo, lakini wapo wenye walirudi darasani. Kama mnataka mtoto zaeni. Kama hamtaki, nchi imejaa watoto wenye wanahitaji mtu mzima mmoja wa kuwasikiliza, na hapo bado mnahitajika.

Asalaam aleikum. Nina zaidi ya miaka 70, niko Jinja. Nataka kupanda mvule, watoto wanasema nipande kalitunsi (mkaratusi) inaleta pesa haraka, mvule sitauona. Unasemaje?

Waaleikum salaam mzee wangu. Wewe unalijua jibu kuliko mimi, Mtume (S.A.W.) alifundisha kwamba hata Kiyama kikisimama na mmoja wenu ana mche mkononi, akiweza kuupanda na aupande. Yaani hata pale mwisho hauna shaka tena, ambapo hakuna kivuli wala tunda la kungojea, kupanda bado ni kazi njema. Kwa hiyo panda.

Sasa mambo ya mikono. Mvule usiipande mingi pamoja peke yake, kuna kadudu kanafanya uvimbe kwenye majani ya mche mchanga na kanaumaliza, ichanganye na miti mingine, musizi, miembe, hata katikati ya migomba ikiwa midogo. Mbegu nzuri ulizia kituo cha mbegu za miti pale Namanve. Kalitunsi usiwakatalie watoto kabisa, wape kona yao wakate fito baada ya miaka michache, ila iwe mbali na kisima na mto juu inakunywa maji sana. Mvua za Machi zikianza mche uwe tayari, na wajukuu waje wakushikie jembe, wao ndio watahitaji kujua ule mti uko upande gani wa mpaka.